Pamba Niliyoitia Kwenye Breki

Mambo haya yalinipata mimi mwenyewe, na yalinipata mchana, jua likiwa utosini, nikiwa na akili zangu zote na tumboni sina kitu ila chai na mkate wa asubuhi. Nalisema hili mapema kwa kuwa nawajua watu. Nikimaliza mtasema huyu alikuwa na homa, au alitafuna miraa. Sikuwa na homa, na sitafuni. Niamini, ningetaka kutunga uongo ningetunga ule ambao mimi ndani yake nimefanya jambo la maana. Humu sikufanya. Nywele zimeingia mvi, na mpaka leo nikianza kusimulia kisa hiki siwezi kumtazama mtu usoni. Ndiyo maana nakiandika. Karatasi haina mato ya kunitazama.

Mimi ni kalafati wa Langoni, Lamu. Skuli sikuingia, nilisoma chuoni nikahitimu msahafu, basi. Baba yangu alikuwa kalafati, na baba yake pia. Kazi yetu ni kuziba. Chombo kikipandishwa pwani sisi twapita ubao kwa ubao, twasokota pamba, twaichovya katika sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake haikutoki hata uoge mara saba, kisha twaishindilia kwa patasi na nyundo katika kila mwanya. Mtoto wa kalafati hufundishwa jambo moja kabla hajajua kuvaa kikoi sawasawa: panapovuja, ziba. Huulizi kwa nini panavuja. Unaziba, unapita mbele.

Sasa, kalafati na reli wapi na wapi? Aliyenipeleka reli ni Kombo Shee, mtu wa Faza kisiwani Pate, rafiki yangu tangu ujana. Zama hizo za Mwingereza kazi ya vyombo ilikuwa imepungua kwetu, naye Kombo alikuwa ameshakaa bara miaka, ni mtu wa breki kwenye gari moshi la abiria. Alikuja likizo na koti lake la kaki lenye vifungo vya shaba, akanikuta nimekaa barazani sina kazi. Akaniambia niandamane naye, atanisemea kwa mabwana zake. Nikaandamana naye. Alinisemea kweli, nikapewa kazi ya kuunganisha mabehewa katika stesheni moja ya mlimani, ambayo jina lake silitaji. Siku ya kwanza alinizungusha pale akinicheka.

"Kalafati, huku hakuna bahari," akaniambia. "Ukiona maji ujue ni ya injini. Usije ukayaziba."

Tulicheka sana. Alisema vile kwa mzaha tu, maskini.

Yeye ndiye aliyenieleza habari ya breki, na alikuwa akieleza kwa fahari, kama aliyeibuni yeye. Akanionyesha mpira mnene unaoning'inia baina ya behewa na behewa. Gari zima, akasema, lina bomba moja toka injini mpaka behewa la mwisho, na injini hufyonza upepo wote uliomo. Bomba likiwa tupu, breki zimeachia, gari linakwenda. Upepo ukiingia popote pale, breki zinashika zenyewe. Dereva akizimia, zinashika. Behewa likikatika njiani, mpira unachomoka, upepo unaingia, behewa linasimama lenyewe pale pale. Halingoji amri ya mtu. Akaniambia na hili, nami nalikumbuka neno kwa neno: "Ukiisikia inalia sss, jua inasema. Mwite mkaguzi."

Mkaguzi wa breki alikuwa Rajabu Sefu, mtu wa upande wa Tanga, mkali, mwenye tumbo. Na mkubwa wetu sote alikuwa Mzungu mmoja ambaye jina lake sikupata kulitamka sawasawa. Sisi tulimwita Bwana Saa, kwa sababu maisha yake yote yalikuwa katika ile saa yake ya mfukoni. Gari likichelewa kidogo tu, anakuwa mwekundu kama kaa la moto. Nawataja wote wawili kwa sababu wote wana sehemu yao, na sehemu zao nitazisema. Lakini msinikimbize. Yangu ndiyo kubwa.

Siku yenyewe ilikuwa mkesha wa Idi. Abiria walijaa stesheni mpaka relini, na Bwana Saa akaamuru mabehewa mawili ya zamani ya daraja la tatu yaungwe nyuma kabisa, nyuma hata ya behewa la gadi, yule mkubwa wa safari. Mabehewa yale yalikuwa yamechoka. Kamba ya hatari ambayo abiria huvuta ilikuwa imekatika kitambo, na breki ya mkono iliyokuwa mle, gurudumu la kuzungusha, vyuma vyake vilikuwa vimelika. Bwana Saa aliyajua haya. Aliambiwa mbele yangu. Alisema ni safari moja tu, na akamweka Kombo ndani ya behewa la mwisho awe mtu wa breki humo.

Nikayaunga mimi. Niliposhikanisha ule mpira baina ya behewa la gadi na lile la kwanza la zamani, ukaanza kulia. Sss. Ringi ya mpira iliyomo mdomoni ilikuwa imekauka na kupasuka. Nikamwita Rajabu Sefu kama nilivyofundishwa. Akainama, akasikiliza, akaniambia nikalete ringi mpya stoo. Alisema hivyo, wallahi alisema. Stoo ilikuwa ng'ambo ya pili ya uwanja, na Bwana Saa alikuwa akitembea juu na chini ameishika saa mkononi, anapiga kelele kwamba atamfukuza mtu leo. Na mimi hapo hapo kando ya reli, katika sanduku la vyombo vyangu, nilikuwa na pamba na kichupa cha sifa nilivyotoka navyo Lamu. Kwa nini nilivichukua mpaka bara? Sijui. Mtu huchukua kazi yake.

Nikafanya nilivyofanya tangu utoto. Niliufungua mpira, nikasokota pamba, nikaichovya, nikaishindilia kuzunguka ndani ya mdomo wa ule upande wa behewa la zamani, tundu la katikati nikaliacha wazi, nikaufunga tena. Ukanyamaza. Kimya kabisa, kama chombo kipya. Na niliona fahari. Nalisema hili kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote: niliona fahari, nikajisemea kwamba Wazungu na mashine zao wanamhitaji kalafati wa Amu, Lamu yetu.

Sheria ilikuwa kwamba mpira ukifunguliwa, breki zijaribiwe upya toka nyuma kabisa. Rajabu hakujaribu. Aliona kimya, akadhani ni ringi mpya, akaandika katika karatasi kwamba amejaribu. Hiyo ndiyo sehemu yake. Kombo alikuwa akipandisha mama mmoja na mizigo yake, akageuka akaniuliza kwa mbali kama tayari. Nikamwambia tayari.

Gari likaondoka. Likipanda mlima, chuma cha kuungia kikakatika. Mabehewa mawili ya nyuma yakaachwa. Mpira ukachomoka kama unavyotakiwa kuchomoka, na mabehewa yale yalikuwa yasimame yenyewe. Lakini mle ndani mlikuwa tupu, na utupu ule uliifyonza pamba yangu ikaingia ndani ya bomba, ikakaa kama kizibo. Upepo haukupita, na breki hazikushika. Yakaanza kurudi nyuma, polepole, kisha si polepole, mpaka kwenye ile kona ya chini, ambapo kuna kibao kinachomwambia dereva asipite maili kumi kwa saa. Hapo yakatoka relini.

Waliokufa, siwahesabu hapa. Wengine walikuwa na nguo mpya za Idi katika vifurushi. Kombo Shee alikufa, akazikwa huko huko bara, mbali na kwao.

Nami nilipelekwa pamoja na watu wa kuondoa vyuma. Niliukuta ule mpira. Niliukuta kabla ya mtu mwingine, nikatia kidole, nikaivuta pamba, ikatoka ndefu, inanuka sifa. Nikaitia mfukoni. Hakuna aliyeniona. Ulipofika uchunguzi niliulizwa na watu watatu mezani, nikasema sikuona kitu. Bwana Saa naye alikuwa hajui kitu, ati habari ya vyuma vilivyolika hakuletewa. Basi wakaandika kwamba mtu wa breki hakulizungusha gurudumu lake, kwamba labda alilala, labda alikuwa amelewa kwa ajili ya sikukuu. Kombo, aliyekuwa hakosi hata sala ya alfajiri. Nikaacha kazi, nikarudi Langoni, nikashika nyundo yangu, na habari ile ikaja nyuma yangu mpaka visiwani. Faza wakasema: mwana wa Bi Rukia alilewa, akaua abiria.

Bi Rukia ndiye mamake Kombo. Mwaka mzima ukapita na zaidi, kisha akaniletea ujumbe Langoni kwa mdomo wa mwanamke aliyekuja kutibiwa. Alisema: wewe ulikuwa naye siku ile, na mimi nimeacha kwenda arusini, nimeacha kwenda matangani, kwa sababu nikikaa wanawake husogea mbali nami. Ndoo, uje unieleze mwanangu alikuwaje.

Ningekataaje? Nilipanda mashua ya abiria, ikatushusha bandari ya Mtangawanda asubuhi maji yakiwa yamejaa, nikashika ndia kwa miguu. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilikuwa nimeazimia kusema kwamba sikujua kitu. Nilikuwa nataka kuonekana nimekwenda, basi, kisha nirudi.

Siyu niliipita adhuhuri haijaadhiniwa. Baada ya mashamba ya tumbaku ndia inaingia katikati ya mikoma, miti mirefu kama mitende, na pale hapana mtu saa ile. Wazee wetu hawapendi mtu apite peke yake jua likiwa utosini, lakini mimi nilikuwa na haraka ya kumaliza aibu yangu. Nikasikia nyayo nyuma. Zilikuwa sawasawa mno, mbili mbili, tak-tak, kisha kimya, tak-tak, kama gari linavyopita kwenye maungio ya reli. Nikageuka. Mtu amevaa koti la kaki, bendera ya kijani ameikunja chini ya kwapa. Mng'ao wa jua mchangani ulinipiga machoni, uso sikuuona vizuri. Nikatoa salamu, naye akaitikia vizuri kabisa, salamu kamili ya Kiislamu. Nikatulia. Nikasogea kando ili apite.

"Pita wewe," akasema. "Mimi wa nyuma."

Sauti ilikuwa imezibwa, kama ya mtu mwenye mafua makali. Nami, mjinga mimi, nikatangulia. Nilikwenda hatua kama ishirini nikiwaza wapi nimeisikia sauti ile. Nilipojua ni wapi, nilikimbia.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo watu huniambia niliota. Nilikimbia hatua tatu, nne, kisha miguu ikashikwa. Hapakuwa na mkono wala kamba, bali ilishika yenyewe, kwa ndani, kwenye nyonga na magoti na vifundo, yote pamoja, na mimi nikasikia sss ikitoka kifuani mwangu, pumzi yangu mwenyewe ikiingia bila kuivuta. Nikasimama kama mti. Nikijaribu kwenda pole, miguu inaachia. Nikiongeza mwendo, inashika. Kwa nyuma, bila kupandisha sauti, akaniambia, "Usikimbie, Kalafati. Hapa maili kumi."

Nikajua sina pa kwenda. Nikageuka nikamtazama. Alikuwa Kombo. Puani mlikuwa na pamba, ile anayotiwa maiti akishaoshwa, na alikuwa akisema kwa kinywa tu. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa na hasira! Alinitazama kama alivyonitazama barazani Langoni siku ile aliyonikuta sina kazi.

Akainua viganja vyake akanionyesha. Ngozi haikuwapo. Kuanzia vidoleni mpaka hapa kwenye kifundo, nyama tupu, na alama ya lile gurudumu imekaa katikati.

"Mtu aliyelala hupata mikono hii?" akaniuliza.

Nikasema la.

"Nilizungusha mpaka mwisho. Mwambie mama nilizungusha."

Nikasema nitamwambia. Nilikuwa nalia, sikatai. Nikadhani ni hilo tu alilolijia, na moyoni, Mungu anisamehe, nilishukuru. Lakini hakuondoka. Alikunja uso kama mtu anayetafuta kitu alichokisahau.

"Ilikuwa inalia," akasema. "Nikiwa kwenye mlango niliisikia inalia, kisha ikanyamaza. Nikakuuliza, ukasema tayari. Wewe nani alikwambia tayari? Nani aliinyamazisha?"

Je, mmefahamu? Alikuwa hajui. Amekufa, amezikwa, ameoza, na hajui. Mimi nilidhani wafu hujua kila kitu. Yeye alikuwa anajua yale tu aliyoyajua behewani, na yale aliyosingiziwa baada ya kufa, na mtu mmoja ndiye aliyemwamini kumuuliza habari ile, akatoka bara mpaka Pate kunifuata, na mtu yule ni mimi. Alinisimamia mbele na viganja vile, ananingoja nimweleze.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Neno fupi. Hata mtoto angeliweza.

Nikasema, "Rajabu."

"Rajabu Sefu?"

"Ndiye."

"Wallahi?"

"Wallahi," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akaniambia Mungu akulipe, ndugu yangu. Kisha akaikunjua ile bendera ya kijani, akaipeperusha mara moja, kama anavyomruhusu dereva aende, na miguu yangu ikaachia, nikajikuta nimeanguka kwa magoti. Nilipoinua uso alikuwa anarudi alikotoka, upande wa Siyu, upande wa bahari na bara. Tak-tak, kimya, tak-tak. Nilimtazama mpaka mikoma ikamficha. Ningeweza kumwita, na pumzi nilikuwa nayo. Sikumwita.

Nikafika Faza mchana ule ule. Bi Rukia alikuwa kikongwe mdogo, mwenye macho makavu. Aliniketisha, akaniwekea wali na samaki kabla ya kuniuliza lolote, na hakuniuliza mpaka nilipokula. Nikamwambia mwanawe hakulala wala hakulewa. Nikamwambia alizungusha gurudumu mpaka ngozi ya viganja ikatoka. Akaniuliza nimejuaje habari ya viganja, nikasema niliviona kabla ya kuzikwa. Uongo, kwa maana maiti yake sikuthubutu kuikaribia. Kisha akaniuliza ni nani basi mwenye kosa. Nikamjibu vile vile nilivyomjibu mwanawe.

Bi Rukia alichukua mkono wangu wa kulia, huu uliosokota pamba, akauweka kwenye paji la uso wake.

"Mwanangu aliacha rafiki," akasema.

Sikuweza kuutoa mkono, na sikuweza kuuacha pale.

Faza yote ikabadilisha maneno. Wiki haikupita, Bi Rukia akawa anakwenda matangani, na wanawake wanampa nafasi, na jina la Rajabu Sefu linalaaniwa na watu wasiojua hata sura yake. Kwa hili mimi nilisifiwa. Nilikuwa mtu wa kweli. Nikienda Faza kwa kazi, watu wanagombania kunikaribisha.

Baada ya miezi mitatu hivi, alirudi kwa likizo Mohamedi Bakari, mchochea makaa wa injini, jirani yangu. Alikaa barazani kwangu akanipa habari za wenzetu wa bara, na ya Rajabu Sefu akaitoa mwisho, kwa sauti ya chini. Rajabu alikuwa ameharibika. Kila adhuhuri, kazini, mbele ya watu, hugeuka akaanza kusema na mtu asiyeonekana. Anasema: kitu gani? Nimenyamazisha kitu gani? Anaapa kwa Mungu kwamba hajui anachoulizwa. Anawaambia wenzake kuna mtu wa breki aliyekufa, mwenye viganja vibichi, anamuuliza swali moja kila siku, na yeye kila siku anamjibu hajui, na mtu yule hamwamini, kwa maana ameambiwa kwa kiapo. Walimsomea, wakamvisha hirizi, haikufaa. Lile tumbo lake lote likaisha. Na adhuhuri moja, Mohamedi Bakari akasema, alianza kutembea relini, polepole, hatua za kuhesabu, kama anayefuatwa. Gari likatokea nyuma yake likapiga honi. Watu walimpigia kelele atoke. Walisema alikuwa anajitahidi kukimbia, na miguu haikukubali.

Mohamedi alishangaa kwa nini nimeinuka ghafla nikaingia ndani. Alidhani namwonea Rajabu huruma, ati nina moyo mwema.

Rajabu Sefu aliandika uongo katika karatasi. Hilo lilikuwa kosa lake, na lilistahili kufukuzwa kazi, au jela. Halikustahili lile. Yeye ndiye aliyeniambia nikalete ringi. Bwana Saa alirudi kwao Ulaya na saa yake, na sina shaka alifika kwa wakati.

Nilikwenda kwa shehe wetu nikamuuliza kafara ya mtu aliyeapa uongo. Akaniambia nilishe masikini kumi au niwavishe, na nikikosa uwezo nifunge siku tatu. Sikuwa na uwezo, nikafunga. Lakini sikumwambia kiapo chenyewe ni kipi, wala nilimwapia nani, wala kilikwenda kikafanya nini. Kwa hivyo sijui kama zile siku tatu ziliandikwa mahali popote.

Nimerudi katika ndia ile, kati ya Siyu na Faza, mara nyingi mno, kila mara adhuhuri, peke yangu. Nimesimama katikati ya mikoma nikaita jina lake na la babake. Hakuja. Kwa nini aje? Alikuwa na swali, nami nilimjibu. Bi Rukia naye aliishi miaka sita baada ya pale, na kila Ijumaa alinitia katika dua yake, waliniambia waliokuwa wakikaa naye. Nilimzika mimi pamoja na wengine. Nilishuka kaburini nikampokea kwa mikono hii.

Tangu hapo kazi ya kalafati nimeiacha. Siwezi kuusikia mwanya unavuja nikauziba. Mkono wafa ganzi. Mchana nikiongeza mwendo, hata kwa kukimbilia sala, miguu yashika, na watu wa Langoni wamezoea kuniona nimesimama katikati ya kichochoro nangoja iachie.

Basi wewe unayesoma, nakuonya kwa mambo mawili. Kitu kilichotengenezwa kikulilie kabla hakijakuua, kiache kilie, na ukamwite mwenye kukijua. Hilo la kwanza, na wengi watalisahau. La pili: aliyekufa akikujia akakuuliza, usidhani anajua. Usidhani atakwenda kwa watu wawili watatu alinganishe maneno yao. Atakuamini wewe, ataondoka na neno lako, na hutaliona tena linakokwenda.

Na kama siku moja utapita katika mikoma ile jua likiwa utosini, ukamwona mtu wa koti la kaki, bendera chini ya kwapa, usimkimbie, kwanza hutaweza. Mwitikie salamu yake. Mwambie Rajabu Sefu hakuwa yeye. Mwambie ni Kalafati, na ni pamba, na aliapa uongo, na yuko Langoni nyumba ile ile ya baraza aliyomkuta siku ile hana kazi. Mlango siufungi mchana.